Yahusu: Kasha la Mawe na Kata ya Binti Yangu Hadjara

Kwa Mheshimiwa Komanda,
Kambi ya Mafunzo ya Makomando.

Mheshimiwa,

Amahoro, na heshima zote zikufikie wewe pamoja na nyota zilizo mabegani mwako.

Mimi ni Nasoro, mkazi wa mtaa wa Waswahili hapa Rumonge. Kazi yangu ni kukata ngazi, yaani ndimi ninayepanda michikichi kule Kizuka na kuangusha mikungu ya hizo ngazi, matunda ya kukamuliwa mawese. Ni baba wa watoto wawili uliowapokea kambini mwako. Wa kwanza ni Fahadi, wa kiume, ambaye uliturudishia kabla hajamaliza mafunzo. Wa pili ni mdogo wake Hadjara, wa kike, ambaye bado unaye na tunaambiwa karibuni atavishwa bereti.

Naandika kulalamika, lakini kwa adabu. Sina neno na mtoto wa kike kuwa komando. Neno nililo nalo ni kwamba mlimpima kwa kipimo kilekile cha wanaume, naye akakifikia. Naomba kabla ya siku ya bereti kipimo chake kipunguzwe. Hata kikipunguzwa kwenye karatasi tu, nitashukuru. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Tangu zamani, mwanaume wa hapa akiona mwanamke amefika mahali ambapo yeye hakufika, ana neno lake la kujipoza: walimpendelea. Si neno la uchoyo, Mheshimiwa, ni dawa. Unalisema mara moja, moyo unatulia, unaendelea na chai yako. Habari ya Hadjara ilipofika nilikwenda sokoni nikiwa nalo tayari mdomoni. Aliyeninyang'anya ni Fahadi, mwanangu wa kumzaa, mbele ya wauza samaki wote. Alisema: "Hapana, baba. Sakado ya mugongoni ni ileile, mulima ni uleule. Mimi nilianguka, yeye akanipita." Mtoto mkweli ni baraka, lakini si kila siku ni siku ya baraka.

2. Kuhusu kasha la mawe. Nimeelezwa kwamba mtihani wenu mkubwa ni kupandisha mlimani kasha lililojaa mawe bila kuligusisha chini. Wanaume walilipachika begani, na bega likakataa. Hadjara alivua taulo shingoni, akalisokota likawa kata, akaiweka kichwani, kasha juu yake, akapanda huku mikono inaning'inia kama mtu aendaye kuteka maji. Nasikia mwalimu wenu aliipekua sheria akitafuta kosa, akakuta inasema kasha lifike, haisemi lifike juu ya kiungo gani.

Hapo ndipo mlipokosea. Kwetu mwanaume hupanda mchikichi na kukata. Mkungu ukishagonga chini, kazi yake imekwisha, anakaa kivulini. Mwanamke ndiye anayeweka kata kichwani na kuuteremsha mkungu hadi kwenye mashine ya kukamulia. Hadjara ameifanya kazi hiyo tangu hajang'oka meno ya utoto. Mlimpima binti wa Kizuka kwa kubeba mzigo mlimani, kisha mkashangaa! Mngeweka na mtihani wa kukaa kivulini, naapa Fahadi angeongoza kikosi kizima. Naomba kata ihesabiwe kuwa silaha haramu.

3. Hiyo kata sasa imeambukiza. Fahadi alirudi nyumbani akamwomba mama yake amfundishe kuisuka kwa majani makavu ya mgomba, kwa kuwa eti taulo huteleza. Juzi nilimwona anatoka Kizuka na mkungu wa ngazi kichwani, mchana kweupe, kwenye barabara ya Nyanza-Lac ambako mabasi yanapita na watu ndani. Abiria waligeuza shingo kumtazama. Na yeye akawapungia mkono!

Mheshimiwa, sisi tumewaeleza wanawake wetu kwa vizazi vingi kwamba shingo ya mwanaume haikuumbiwa mzigo. Walikubali, au walichoka kubisha, mimi sikuwahi kuuliza. Maelezo hayo sasa yamekufa.

4. Mke wangu Kadidja aliniambia: "Baba Fahadi, ngazi iko pale. Kata iko hapa." Nikaiweka kata kichwani, nikabeba. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walikuwa wanaume wa Kizuka, nina hakika. Ninapoandika haya shingo yangu haigeuki upande wa kushoto, kwa hiyo ukiona mistari yangu inalalia kulia, niwie radhi.

5. Hatari kubwa ni ya taifa. Kipimo kimoja kikizoeleka jeshini kitatoka langoni na kuingia mitaani. Kitafika kwenye mitumbwi ya wavuvi, kitapanda hadi mashamba ya Bugarama. Mtu ataanza kuulizwa anaweza nini, badala ya kuulizwa yeye ni nani. Nchi haiwezi kuendeshwa na wanaoweza peke yao. Sisi wengine tutakwenda wapi? Ziwa liko mbele yetu na milima iko nyuma, na hiyo milima sasa wanaipanda wanawake wakiwa na makasha.

6. Hili la mwisho si hoja, naliweka kwa sababu karatasi ina nafasi. Nasikia makomando ndio wanaotangulia kupelekwa penye moto. Nikafikiri, kipimo chake kikipunguzwa, labda na safari yake itapunguzwa, mumweke ofisini akiandika majina ya wengine. Naogopa, Mheshimiwa. Fahadi aliporudi nilimwonea haya mbele za watu, lakini ndani nilimshukuru Mungu kwamba amerudi. Huyu wa kike hajui kurudi. Hata utotoni ukimwambia atue mzigo apumzike, alikuwa anakupita tu.

Kwa hayo, naomba mtoe mawe kadhaa kwenye kasha lake, hata baada ya mtihani kwisha, na mtangaze kwamba alipunguziwa. Wanaume wa Rumonge watapumua, na mimi nitalala.

Nisalimie walimu wote wa kambi, nisalimie mpishi wenu, na huyo aliyeipekua sheria mpe pole yangu. Fahadi anawasalimu wenzake aliowaacha huko. Kadidja naye anakusalimu, ingawa hajui kwamba ninaandika. Murakoze sana.

Ni mimi, mwenye shingo inayouma na heshima isiyopungua,

Nasoro, mkata ngazi, Rumonge.

Nyongeza. Barua hii nilikuwa nimeshaipeleka stendi ili dereva wa basi la Bujumbura aifikishe. Hapo nikakutana na Léonard, jirani yangu aliyetoka Kivu, muuza ndagala, hao dagaa wa ziwa letu, mtu mwema kabisa. Aliniona uso umenishuka, akataka kunifariji. Akasema kwa sauti ya kusikika: "Muzee Nasoro, usijisumbue. Banawake banabapunguziaka mizigo kule. Kasha ya Hadjara ilikuwa na majani tu."

Ndilo neno lenyewe nililokuomba, Mheshimiwa, nimeletewa bure na mbele ya mashahidi. Sijui kilichonipata. Nilipiga kelele stendi nzima ikanigeukia. Nilimwambia ni mawe! Mawe yaleyale, mlima uleule, na asiyeamini amuulize Fahadi aliyeanguka! Kulikuwa na mkungu wa ngazi wa mtu unasubiri kupakiwa, nikamwambia Léonard auweke kichwani kwanza ndipo tuzungumze habari za majani. Aliuweka. Sasa amekaa kando ya ndagala zake akitazama upande mmoja, kama mimi. Ameomba msamaha, na mimi nimemsamehe, ingawa si sana.

Barua nimeichukua tena kwa dereva, lakini karatasi nyingine sina. Kwa hiyo tafadhali soma salamu tu, kisha futa yote kuanzia namba moja hadi namba sita. Hofu yangu ya namba sita iko palepale, ila hiyo ni mzigo wangu, nitaubeba mwenyewe. Na kama kuna mtu kambini ameshatoa hata jiwe moja kwenye kasha la mwanangu, alirudishe.

Ndani ya bahasha utakuta kata ya majani ya mgomba. Mwambie Hadjara mama yake ndiye aliyeisuka. Ataona upande mmoja umepinda. Huo nimesuka mimi.