Busan Ilininyima Nafasi ya Kusema

Nurudini Omary,
Duka la Vitenge na Mashuka,
Kasulu Mjini.

Kwa Bi. Mwanahawa Nurudini,
Busan, Korea Kusini.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUTEMBEZWA KATIKATI YA MJI WENU

Binti yangu,

Asalaam alaykum. Salamu hiyo ni ya baba kwa mwanawe, nayo inaishia hapo. Kuanzia sasa ninaandika kama mgeni aliyezungushwa mji wa watu kutwa nzima, akarudi Kasulu na miguu imevimba. Naomba usicheke kabla ya kufika mwisho. Najua unavyocheka.

Kama unavyofahamu, sikuja Korea kutalii. Nilikuja kukufikishia posa ya Ridhiwani, mtoto wa Haji Abdalah wa Kibondo, yule kijana anayenunua maharage kule Mabamba. Ana nyumba, ana lori, ana adabu. Wewe umemaliza masomo yako ya majokofu ya samaki, ukapata kazi hukohuko, na kila tukikuuliza unarudi lini unatuonyesha picha ya bahari. Mama yako akasema jambo hili si la simu. Nikaja mwenyewe. Sasa soma mji wako ulivyonitendea.

1. Ulinishusha ngazi asubuhi, nikadhani tunakwenda kupanda treni. Kumbe ni soko! Watu wazima wenye akili zao wamechimba chini ya barabara nzuri, wakapanga humo soksi. Nilipokuuliza kwa nini wasijenge juu kwenye mwanga wa Mungu, ulinijibu, "Baba, juu nako kuna maduka." Nikapanda kuhakikisha, nikakuta ni kweli. Mji una maduka juu ya maduka, kisha watu wanatembea katikati wakiwa na sura za kukosa walichokuja kununua. Na kila mlango una wimbo wake. Nilipoanza kusema, "Mwanangu, kuna familia moja Kibondo," wewe ulijibu, "Ndiyo Baba, hizo zitakutosha." Nikatoka na soksi zenye picha ya paka. Mimi, mtu mzima, mjumbe wa kamati ya msikiti.

2. Msichana wa duka la vipodozi alinipaka ute wa konokono mkononi bila kuniuliza kabila wala dini. Huku kwetu konokono tunammwagia chumvi. Sina zaidi katika hili.

3. Chakula. Ulisema tutakula samaki ili nisiwe na wasiwasi wa nguruwe, na kwa hilo nakushukuru. Lakini nimekula migebuka ya Kigoma tangu nina meno ya utotoni, na haijatokea hata siku moja nikatambulishwa kwanza. Pale sokoni mtu anachagua samaki akiwa hai chini, anatazamana naye, kisha anapanda ghorofani kumsubiri. Na yule pweza! Alikuwa amekatwa vipande, ila habari hiyo ilikuwa bado haijamfikia. Mguu wake mmoja ulinishika mdomo wa juu, na wewe ukasema, "Tafuna haraka, Baba."

Halafu vile vibakuli. Hakuna aliyeviagiza. Nimelelewa kumaliza ninachopewa, nikamaliza ile kabichi chachu ya pilipili. Mama mhudumu akajaza. Nikamaliza. Akajaza tena, safari hii akitabasamu. Tukaendelea hivyo, hakuna aliyetaka kushindwa, mpaka machozi yakanitoka na masikio yakaziba. Mtu wa hali hiyo anatoaje posa?

4. Hili naliandika kwa uzito. Tulipokuwa tunatoka, bibi mmoja muuza samaki, amevaa buti za mpira, alikuita kwa sauti soko zima likageuka. Akaacha wateja wake. Akanishika mkono kwa glavu iliyolowa, mimi mwanamume asiyemjua, akaongea kwa muda mrefu. Nikakuuliza anasemaje.

"Anakusalimu, Baba."

"Salamu gani ndefu hivyo?"

Ukaangalia chini. Ukasema jokofu lake liliharibika wakati wa joto kali na mafundi wakamwambia asubiri zamu yake, samaki wote wanaoza. Wewe ukaenda siku yako ya mapumziko, ukalitengeneza. "Anauliza ni nani aliyenilea," ukasema.

Nalalamika kwamba sikuandaliwa. Nilisimama pale kama gunia. Maneno yote niliyoyapanga tangu stendi ya Kasulu yaliniponyoka, na jina la Ridhiwani nikalisahau kabisa, nikawa nakumbuka la lori lake tu. Mji wenye nidhamu haumfanyii mgeni hivyo.

5. Mlima. Wanawake wa Makere wanapanda mlima na kuni kichwani na mtoto mgongoni. Wenzenu wameweka ngazi ya umeme, mtu anasimama na mlima ndio unaohangaika. Kule juu pana mnara, na uzio umejaa makufuli. Ukanieleza kwamba wapenzi hufunga kufuli na kutupa ufunguo. Mimi ni mwenye duka. Kufuli nalijua. Sijawahi kuona mtu analinda uzio usio na kitu ndani.

Hapo ndipo nilipopata nafasi. Nikasema, "Mwanahawa, nimekuja na posa."

Ukatazama meli kule chini bandarini. Kisha ukauliza, "Huyo mtu anataka nini, Baba?"

"Anataka mke."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye niliyekuja kukuuliza."

"Hapana, Baba. Umekuja na tiketi mbili za kurudi."

Wala hukungoja jibu. Ulisema miezi ya mwanzo ulikuwa unapanda hapo kulia machozi, unachagua meli moja unajiambia hiyo inaelekea nyumbani. "Sasa nikipanda napanda kupunga upepo," ukasema. "Usinirudishe mwanzo."

Nilitaka kukukemea. Lakini wasichana wawili wa kitalii wakaja na simu, wakaomba tuwapige picha, wewe ukawapiga ukiwa na macho mekundu, ukiwaelekeza wasogee kushoto. Nalalamika kwamba katika mji huo baba hapati hata dakika ya kukasirika.

6. Kwa sababu hizo zote ninadai yafuatayo: soko litolewe ardhini, pweza auawe mpaka mwisho, vibakuli viletwe kwa anayeviomba, na wewe ufungashe vitu vyako urudi Kasulu kabla ya Ramadhani, uolewe kama watu wengine. Nisipopata jibu la kuridhisha nitakuja tena kulalamika ana kwa ana, na nitakaa muda mrefu zaidi.

Mama yako anakusalimu. Wilondja, fundi cherehani wa barazani kwangu, anakusalimu na haamini habari za pweza. Majirani wote wanakusalimu mmoja mmoja, nami nimechoka kuwaandika.

Ni mimi mlalamikaji, na baba yako,
Nurudini Omary

Baada ya sahihi: Barua hii imelala mezani wiki nzima. Juzi nilipanda basi mpaka Kibondo. Haji Abdalah akanikaribisha kahawa, akauliza binti amesemaje. Nilikuwa nimepanga kumwambia umeomba muda. Nikajisikia nasema, "Amekataa, na mimi nimemkubalia." Akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Nurudini, wewe ni baba yake. Si umrudishe tu?" Nikamjibu kwamba ninachorudisha mimi ni vitenge.

Mama yako alilia kidogo nilipomsimulia, halafu akauliza kama huko baridi ni kali, asije mwana wanje, mwanangu mimi, akaumwa. Basi vaa vizuri. Malalamiko mengine yote yanabaki kama yalivyo, hasa ya pweza. Lile la kurudi lifute kwa wino mzito, lisisomeke.