Twiga na Kifaru Hawaugui Ndigana

Jumanne, 5 Aprili 1983. Mwisenge, Musoma.

Redio imesema tena. Walanguzi wanasakwa nyumba kwa nyumba. Nimeizima. Pelagia akauliza mume gani anazima redio wakati wa taarifa ya habari. Nikasema natunza betri. Betri hazipo madukani, kwa hiyo jibu lilisimama.

Mke wangu hajui analalia nini. Chini ya godoro wamo vifaru na twiga. Sarafu za madini ya fedha, nene, nzito, kila moja ina mnyama wake. Niliuziwa na Silasi, dereva wa lori. Je, ni kosa kuwa nazo? Sijui. Nimuulize nani? Kuuliza ndiyo kukiri.

Nilinunua kwa akili zangu timamu. Noti zinapungua nguvu kila mwezi. Ng'ombe wanakufa kwa ndigana. Twiga wa fedha haugui, hali majani, haswagwi na wezi usiku. Sasa, sisi hatuwekagi ng'ombe wote zizi moja. Wale watano wa mahari ya dada Eufrasia walikuwa Bunda, kwa rafiki wa marehemu baba, na hakuna aliyekuwa akiwaona. Nikawapeleka mnadani. Ndio hao mdogo wangu Nathanieli anawategemea kuolea. Nilikusudia kuwarudisha wakiwa kumi.

Leo dada Eufrasia ametuma ujumbe. Mzee Magige wa Butiama, baba yake Miriamu, mchumba wa Nathanieli, atafika kwetu Bukima Jumamosi kuwaona ng'ombe. Mimi ndiye wa kuwaleta kutoka Bunda.

Nimehesabu siku kwa vidole: nne.

Jirani Bernado naye ameogopa. Ametupa katoni ya sabuni ziwani. Ufuko wote una povu. Nimecheka kidogo, halafu nimekumbuka godoro.

Jumatano, 6 Aprili.

Nimemfuata Silasi nimrudishie mali yake. Amenitazama kama mgeni. Amesema yeye twiga anawajua wa porini tu. Mtu niliyemnywesha chai!

Nimerudi, nimejaza sarafu zote mifukoni ili nizihamishe. Mara hodi. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Enoka. Jasho! Nimekaa haraka kwenye kigoda. Mzee ameingia, amenyoosha mkono, na mimi siwezi kusimama, maana suruali ingeshuka na wanyama wote wangemwagika sakafuni. Nimemwamkia nikiwa nimekaa, kama mtoto asiyefunzwa. Amekunja uso. Nimesema miguu imekufa ganzi.

Alikuja kuazima pampu ya baiskeli. Pampu tu! Pelagia ameninywesha mwarobaini kikombe kizima kwa ajili ya miguu. Bado mdomo ni mchungu.

Alhamisi, 7 Aprili. Bukima.

Nimepata wazo. Nyavu! Nani atapekua wavu wa mvuvi maskini? Risasi za kuzamishia nyavu hazipatikani, kwa hiyo Nathanieli anafunga mawe madogo kwenye vitambaa na kuyashonea chini ya wavu wake. Nikifunga sarafu zangu humo, vitambaa vitafanana. Mawe vile, kifaru vile.

Nimepanda lori la pamba hadi Bukima. Njiani mgambo wamesimamisha gari, wamepekua kikapu cha mama mmoja, wamechukua kipande cha kitenge. Mimi nilikuwa nasali rozari bila rozari.

Nathanieli ameshangaa kaka yake wa mjini kuomba kushona wavu. Ameguswa. Amesema tangu baba afe hatujawahi kufanya kazi pamoja. Nimesikia aibu, kweli nimesikia, lakini nimeendelea kushona. Dada Eufrasia alikuwa anasonga ugali huku ananitazama. Ameuliza ng'ombe wako wapi. Nimesema wako njiani, wanatembea taratibu wasikonde.

Wavu utakaa kichanjani mpaka wakwe waondoke. Nani anavua siku za wakwe? Nitatafuta mnunuzi kwa utulivu.

Ijumaa, 8 Aprili.

Jana hiyohiyo Nathanieli aliingia ziwani! Amesema wakwe lazima wale sato, na wavu wenye uzito mzuri namna ile haujawahi kutokea.

Asubuhi amerudi na nusu ya wavu. Kiboko. Amepita katikati, ameondoka na nusu nyingine vilindini. Nathanieli amesikitikia wavu. Mimi nimekaa chini mchangani. Amenifariji, ameniambia nisilie, wavu hushonwa tena.

Nimepapasa kila kitambaa kilichobaki. Mawe. Mawe. Mawe. Kifaru mmoja. Mmoja tu! Ng'ombe watano wameliwa na kiboko, na kiboko hali nyama.

Jumamosi, 9 Aprili.

Mzee Magige amefika na shemeji zake. Wamekula sato wachache walioachwa na kiboko. Kisha amefuta mikono, ameomba aoneshwe ng'ombe.

Nimefikiria kukimbilia Kiabakari. Nimefikiria kumeza ushahidi, lakini kifaru ni mpana kuliko koo. Mwisho nimemwekea mzee yule kifaru kiganjani, nikamweleza habari ya madini, na bei kupanda, na ndigana. Amemgeuza. Amemng'ata. Amenirudishia.

"Kifaru hakamuliwi, kijana wangu," amesema.

Dada Eufrasia amesimama.

"Leodgar. Ng'ombe wangu wako wapi?"

Nimesema yote. Bunda, mnada, Silasi, wavu. Sauti ilikuwa inatoka kama ya mbuzi. Nilingoja Nathanieli anipige. Hakunipiga. Amenitazama tu, kisha ameshuka ziwani peke yake, na hilo limeniuma kuliko fimbo. Anampenda yule binti kweli.

Wageni wamechukua kofia zao. Hapo dada amemuuliza mzee Magige, kwa upole kabisa, kama bado ile nyumba yake ya Butiama haijaezekwa. Mzee amesema mwaka wa pili huu anatafuta mabati, hayapo Musoma, hayapo Mwanza. Dada amesema yapo. Yako Mwisenge, juu ya nyumba ya Leodgar.

Mzee ameweka kofia chini.

Jumatatu, 11 Aprili. Mwisenge.

Mabati hayasafirishwi siku hizi bila barua ya balozi. Nimekwenda kwa mzee Enoka. Nimesimama wima kama askari. Ameniacha nisimame muda mrefu sana, kisha ameuliza kama ganzi imepona.

Njia nzima ya Butiama nimekaa juu ya mabati yangu, barua mkononi imelowa jasho. Kila kizuizi nilijua ndio mwisho wangu. Hawakunikamata. Mzee Magige ameyagonga moja moja kwa kidole, amecheka, amemwita Nathanieli mwanangu. Harusi ipo. Mimi sijaalikwa kukaa mbele.

Jumapili, 17 Aprili.

Mvua. Nyasi za paa langu jipya zinavuja juu ya kitanda, upande wangu. Pelagia amehamia upande wa pili na haongei. Amenisemea mbele ya padri. Bernado amepita, ametazama juu, ameuliza kama nimerudi ujima.

Acha acheke. Silasi amenikumbuka! Amekuja mwenyewe, kwa mlango wa nyuma. Anasema watu wameingiwa na hofu, wanaachia twiga kwa bei ya bure. Hofu ya wenzako ndiyo faida yako. Nimempa baiskeli, amenipa twiga wawili. Na kifaru wangu, watatu. Sasa ni zizi tena.

Naogopa, ndiyo. Leo hodi mbili zimenitoa roho. Lakini safari hii nimejifunza: kosa lilikuwa kuchagua mvuvi mwenye bidii. Bernado ni mvivu. Wavu wake umetundikwa uani, haujaona maji tangu Krismasi. Mchana nimekwenda kupatana naye, nimejitolea kuushona na kuufungia vitambaa vya mawe, vizito, imara. Amenishukuru mpaka nikaona haya. Amesema wavu sasa unavutia.

Jioni hii nimemsikia akimuuliza mkewe kasia liko wapi. Nadhani anataka kulipaka rangi.