Tuta la Mlangoni

Jumatatu, 3 Februari

Alhamdulillahi, nimeandikwa kazi. Mimi, Kerrow, miaka sabini na mbili, magoti mabovu, darasa la nne sikulimaliza. Mwajiri ni binti yangu Sirad. Mshahara ni chai.

Haya naandika kwa Kiswahili makusudi. Mke wangu Maka hasomi Kiswahili, na mtu mwenye mipango haachi daftari wazi kwa lugha ya nyumbani.

Kazi yenyewe ni kulinda nyumba ya maua ya Sirad kando ya mto Tana. Fito, nailoni na neti. Kule Naivasha alikofanya kazi wanajenga hizi ili kupata joto. Hapa Garissa ameijenga kulikimbia. Ndani kuna matuta manane ya waridi nyeupe. Tuta la mlangoni, anasema, ndilo la harusi ya Ramlo, binti wa Bare, Alhamisi ya wiki ijayo. Mama wa bibi harusi anataka maua mia moja, marefu kutoka ncha ya kidole mpaka begani. Matuta saba ya nyuma ni ya majaribio tu. Amenionya mara tatu: "Aabo, baba yangu, la mlangoni usiliguse."

Sasa jambo lenyewe. Harusi hii ikifana, ukumbi wa harusi utachukua maua yake kila wiki. Ikiharibika, Sirad anarudi Naivasha. Wameshampigia simu. Alikaa huko miaka minne, na miaka minne nilikunywa chai iliyopikwa na Maka. Namshukuru Mungu kwa Maka. Chai yake siisemi.

Jumanne, 4 Februari

Abdinoor amepita. Tulichunga pamoja tukiwa wadogo. Siku hizi anakodisha maua ya plastiki kwa wenye harusi. Aliingiza kichwa mlangoni, akanusa, akaniuliza tangu lini mwanamume aliyeswaga ngamia kutoka Eldas mpaka mtoni akawa yaya wa majani. Akasema maua yake hayanywi maji wala hayaumwi. Nikamwambia hata maiti hanywi maji wala haumwi. Akaondoka. Nashukuru, magoti yamezeeka lakini ulimi bado.

Hata hivyo alinitia wasiwasi. Nikapima tuta la harusi kwa mkono wangu. Yanafika kwenye kiwiko tu. Siku tisa zimebaki.

Alasiri Sirad alinyunyizia matuta yote dawa ya kurefusha. Homoni, anaiita. Unga mweupe ndani ya pakiti. Alichota kwa ncha ya kisu, akaumwaga katika pipa zima la maji. Ncha ya kisu! Nimetibu ngamia miaka hamsini. Ngamia hupewa dawa ya ngamia, hapewi ya kifaranga. Niliangalia tu pakiti anaiweka wapi. Kopo la majani ya chai, rafu ya juu.

Jumatano, 5 Februari

Sirad alikwenda mjini kutwa nzima. Namshukuru Mungu kwa safari za watoto.

Pakiti yote, ndoo moja. Tuta la mlangoni peke yake. Yale ya majaribio sikuyapotezea dawa. Nilianza kwa bismillahi, kwa hiyo si wizi.

Jumamosi, 8 Februari

Yamepanda! Kutoka kiwiko yamekaribia bega, siku tatu tu. Sirad huja kila asubuhi na utepe wa fundi cherehani, hupima, huandika kwenye kidaftari chake, kisha hugeukia ukuta na kukohoa muda mrefu. Vumbi la Februari hilo. Nimemwambia anywe maziwa ya ngamia.

Tatizo ni dogo. Shingo. Yamekuwa kama swala twiga, shingo ndefu kichwa kidogo, na rangi imepauka. Mengine yameinama kama mtu anayetafuta sindano iliyomwanguka. Yale ya majaribio yamesimama wima na kunona bila sababu. Wasio na kazi ndio hunona. Mtazame Abdinoor.

Jumapili, 9 Februari

Nimegundua dawa ya shingo. Alhamdulillahi kwa ulimi, tena.

Sirad alikuwa akichanganya mbolea. Nilidokoa punje moja nikaiweka mdomoni, kama marehemu baba alivyokuwa akionja udongo kabla ya kupeleka ngamia mahali. Chumvi! Chungu kidogo, lakini ni chumvi. Ulimi ulikufa ganzi mpaka alasiri. Maka akauliza kwa nini naongea kama niliyeumwa na nyuki. Nikasema ni mawazo.

Basi waridi ni ngamia. Ngamia akilegea shingo, unampeleka kwenye udongo wa chumvi alambe, na siku ya tatu nundu imesimama. Kila mchungaji analijua hili, kuanzia hapa mpaka Rhamu. Chuo kikuu hawafundishi.

Nimenunua jiwe la chumvi la mifugo sokoni. Nimelitwanga, nimeliyeyusha, nimelinywesha tuta la mlangoni ndoo tatu. Hakuna hata ua moja lililokataa. Nashukuru kwa mifugo isiyopiga teke.

Jumanne, 11 Februari

Majani yameungua kingo, kama karatasi zilizookolewa motoni. Matumba yanaanguka bila kufunguka. Nimeokota thelathini na moja, nimeyaficha ndani ya kofia. Sirad alisimama mbele ya tuta, akapima, akaandika, akalamba jani moja, akaniuliza kama nimeona chochote. Nikasema upepo. Akaandika na upepo pia.

Akiwa pale pale simu ikalia. Aliongea Kiingereza. Nilitambua neno moja tu, Naivasha. Nikaenda nyuma ya pipa nikakaa chini. Kwenye dua sikuomba maua. Niliomba asipande basi.

Jumatano, 12 Februari

Hili naliandika kwa mkono unaokataa. Nimekwenda kwa Abdinoor. Nilimwomba maua mia moja ya plastiki, meupe. Alikubali upesi mno. Kisha akaleta sharti: nitamke mbele ya wazee wote, kwenye kibanda cha chai cha Arbia, kwamba plastiki imeshinda.

Nikatamka. Abdinoor akasema, warya Kerrow, we bwana, sikio langu hili ni bovu, pitia upande wa pili. Nikapitia upande wa pili. Arbia naye akasema alikuwa anachuja chai, hakusikia. Huyu mama ana kinyongo na mimi kwa ajili ya kikombe kimoja kilichovunjika zamani. Nikasema mara ya tatu. Nashukuru wazee walikuwa saba tu, na mmoja alikuwa amelala.

Alasiri nzima nimefunga vichwa vya plastiki juu ya mashina kwa uzi. Kwa mbali ni waridi. Kwa karibu pia, kama macho yako ni kama yangu.

Alhamisi, 13 Februari

Sirad alifika alfajiri na mama yake, kila mmoja na mkasi. Nilijisimamisha mbele ya tuta na kutandaza kikoi changu kama pazia. Sirad akapitisha mkono chini ya kikoi, akavuta ua. Likaja na uzi wake.

Nikasema yote. Homoni, chumvi, Abdinoor, Arbia. Nikasema anitukane atakavyo, lakini asirudi Naivasha, kwa maana nimezeeka mno kuizoea upya chai ya mama yake. Mama yake alikuwa amesimama pale pale. Nashukuru alikuwa ameushika mkasi upande wa makali.

Sirad alikaa chini kwenye udongo akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaniuliza, Aabo, unamkumbuka yule ngamia wetu aliyefiwa na ndama?

Nisimkumbuke vipi. Sirad alikuwa na miaka sita, na mimi ndiye niliyemfundisha hila hiyo. Ngamia akifiwa, hukataa kutoa maziwa. Basi unaichuna ngozi ya ndama, unaijaza nyasi, unamwekea puani. Anainusa, anailamba, anatulia. Wewe unakamua upande wa pili.

Sirad akanyoosha mkasi kuelekea matuta saba ya nyuma.

Maua ya harusi yalikuwa yale, tangu siku ya kwanza. Tuta la mlangoni lilikuwa ngozi yenye nyasi. Na ngamia nilikuwa mimi. Maka alijua tangu Jumatatu ile ya kwanza.

Tena akanionyesha kidaftari. Ukurasa mzima umeandikwa juu: Tuta la Aabo. Dawa ilizidi lini, shina liliongezeka vidole vingapi kwa siku, shingo ililegea lini, chumvi iliingia lini. Chumvi aliijua kwa kulamba jani. Damu yangu hiyo. Anasema siku zote alitaka kujua homoni na mbolea zikizidi huwa inakuwaje, ila hakuwa na moyo wa kuyatesa maua mwenyewe. Akanishukuru. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kuomba msamaha, na kumbe mimi ni mtafiti.

Walikata mia moja na kumi, yote ya kufika begani. Ukumbini mama wa Ramlo alilia, na harusi ilikuwa bado haijaanza. Nyuki wawili waliingia, wakayapita ya plastiki ya Abdinoor yaliyopamba mlango wa ukumbi bila salamu, wakaja moja kwa moja kwenye yetu. Nilimwomba Abdinoor twende kwa Arbia akarekebishe yale maneno. Anasema sikio.

Jumapili, 16 Februari

Shukrani za leo zitamaliza daftari. Ukumbi umechukua maua ya Sirad kila wiki. Naivasha wamejibiwa kwamba haji. Chai ya asubuhi ilikuwa na iliki na tangawizi, na niliinywa vikombe vitatu nikitazama mto.

Na nimejifunza. Mwanamume hawekewi ngozi puani mara mbili. Nimemwambia Sirad hivyo hivyo, uso kwa uso, na ameinamisha kichwa kwa haya. Amekiri kwamba alinikosea. Leo amenikabidhi tuta la kweli, la harusi ya kwanza baada ya Idd. Ni lile lile la mlangoni, udongo mpya, miche mipya. Ameniomba kwa heshima kubwa nisiliguse. Maka alikuwa nyuma yake anakohoa. Vumbi limempata na yeye.

Nimelitazama. Maskini, miche mifupi kama vidole vya mtoto. Nimeonja mbolea yake mpya, na hii haina chumvi hata kidogo. Ina utamu kwa mbali.

Maka ana sukari guru, kopo zima, chini ya kitanda. Kesho anakwenda kumtembelea dada yake kule Dadaab. Namshukuru Mungu kwa safari za wanawake.