Malalamiko Dhidi ya Mke Wako, na Kabichi Tuliyoisukuma Hadi New Hamburg

Regent Park,
Toronto.
Jumatatu, Oktoba 6

Kwa Mzee Kangethe,
Kinangop.

Baba,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mke wa mwanao. Sisi ni wazima, watoto ni wazima, na ni huo uzima wenyewe unaonifanya nishike kalamu.

KUH: KURUDISHWA NYUMBANI KWA MKE WAKO

Wiki iliyopita ulituma ujumbe wa sauti ukasema Mama asipitishe hata siku moja baada ya tarehe 28 mwezi huu, siku iliyoandikwa kwenye tiketi yake. Gitonga, mwanao, aliusikiliza mara mbili. Mama alisema, "Nimesikia," akaendelea kukunja nepi. Mimi nimefikiri siku nne nzima, na ninakuunga mkono. Tena naona hiyo 28 ni mbali mno. Naomba umwite wiki hii hii. Sababu ninazo, na nimezipa namba ili usije ukasema Lynette aliandika akiwa na hasira.

1. Alitufukuza nyumbani kwetu wenyewe.

Jumamosi saa mbili asubuhi alisimama mlangoni na koti langu mkononi. "Tokeni," alisema. "Miezi minne niko hapa, sijawahi kuwaona mkitembea kama watu waliooana." Nilimwambia kwamba huyu mdogo, Nyaguthii, ana miezi mitano na ananyonya. Akanionyesha chupa tatu za maziwa niliyokuwa nimekamua, amezipanga mezani tayari. Nikamwambia huyu mkubwa, Kangethe, ana mafua. Akamgeukia: "Mzee wangu, una mafua?" Mtoto wa miaka mitatu, ambaye makamasi yalikuwa yamefika mdomoni, akajibu, "No." Mlango ukafungwa. Baba, nilisikia komeo.

Gitonga alikuwa amesikia kazini kuhusu vijiji vya Wajerumani wa zamani, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Waliohamia huku miaka mia mbili iliyopita walivipa majina ya kwao: Baden, Heidelberg, New Hamburg. Hata Kitchener iliitwa Berlin mpaka wakati wa vita vya kwanza. Basi tukaenda Ujerumani bila pasipoti, na mimi nimevaa viatu visivyofanana. Niligundua tukiwa tumeshafika barabara kuu.

2. Watoto hawakulia.

Nilipiga simu tukiwa njiani. Wako sawa. Nikapiga tukiwa Baden, ambako kuna nyumba ya tajiri wa zamani, kuta zake zimechorwa hata unadhani ni sanamu za mawe. Ni nyumba ya ajabu, sikuiona, nilikuwa naangalia simu. Wako sawa. Nikapiga Heidelberg, ambayo ni njia panda na nyumba chache, na hapo Mama akampa Kangethe simu. Mwanangu, niliyemzaa kwa saa kumi na tisa, aliniambia kwa Kiingereza chake kwamba ana kazi, nipige baadaye. Alikuwa anamenya njegere. Kisha nikasikia wawili hao wakicheka kwa Kikuyu, na mimi ni Mkalenjin, sijui mpaka leo walikuwa wanamcheka nani.

Mama mzazi ana haki ya kuliliwa hata kidogo. Dakika tano zingetosha.

3. Kwa kukosa wa kumwangalia, tulilazimika kuangaliana.

Hili naliandika kwa aibu, lakini wewe ni mtu mzima. Gitonga alinishika mkono barabarani. Nilidhani anataka funguo za gari, nikampa. Akazitia mfukoni mwake, akanishika tena. Kwa kilomita arobaini hatukuwa na la kuzungumza isipokuwa rangi ya choo cha Nyaguthii, na hilo likaisha. Ndipo akaniuliza, "Hivi wewe bado unapenda muziki wa kwaya?" Ilikuwa miaka mitatu tangu mtu aniulize ninapenda nini, na mimi mwenyewe nilikuwa sijajiuliza.

Nyumbani mambo haya hayatokei. Nyumbani tunapishana kwenye korido, mmoja na chupa, mwingine na ndoo.

4. Kabichi.

Hapa ndipo kosa la mke wako linapoonekana wazi. Tangu aje amekataa kigari cha mtoto. Anasema mtoto si mizigo ya uwanja wa ndege, anambeba mgongoni kwa leso, na watu wa Regent Park wamezoea. Kwa hiyo kigari kimekaa ndani ya gari letu tangu Juni. Kama angekitumia kama bibi wengine wa mji huu, haya yasingetupata.

Tulifika soko la wakulima la St. Jacobs. Kuna Wamenoni pale, watu wa dini wenye asili ya Kijerumani, na wengine huja sokoni kwa gari la farasi. Mmoja alikuwa na kabichi. Unamjua mwanao, amekulia katikati ya kabichi zako. Alisimama mbele ya ile kubwa kuliko zote kama mtu aliyekutana na jamaa. Akaibonyeza, akainusa, akamuuliza yule mzee anaweka mbolea gani, wakaongea nusu saa, mimi nimesimama na viatu vyangu viwili tofauti. Akainunua. Haikubebeka. Akaenda kwenye gari akaleta kigari.

Kabichi iliviringika mara mbili, nikaifunga mikanda. Kisha mkono wangu, wenyewe tu kwa mazoea, ukachukua blanketi ya Nyaguthii ukaifunika. Nikampangusa hata kidevu. Baba, nilishtuka nikijiona.

Tukaenda nayo New Hamburg, kwa sababu Gitonga alikataa kuiacha peke yake kwenye gari. Kuna gurudumu kubwa la mbao pale linalozungushwa na maji ya mto, na kando yake benchi, na kwenye benchi bibi mmoja mwenye nywele nyeupe anafuma soksi. Alitutazama kwa huruma ile wanayotazamwa nayo wazazi wachanga. Akauliza, "Amelala?" Gitonga, bila hata kukohoa, akasema, "Huyu hasumbui kabisa." Bibi akainama, akainua blanketi taratibu. Akatazama. Akamtazama Gitonga. Akarudisha blanketi vizuri, akasema, "Anafanana na baba yake."

Nilicheka mpaka nikakaa chini barabarani. Gitonga alicheka akashika nguzo. Yule bibi hakucheka hata kidogo, aliendelea kufuma, ila mabega yalikuwa yanatikisika. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka hivyo. Mbavu zinaniuma mpaka leo Jumatatu, na naomba jeraha hili lihesabiwe.

5. Nililala.

Kwenye benchi hiyo hiyo, kwenye bega la mwanao, dakika hamsini, mchana. Yeye hakusogea. Mguu ulimfia ganzi, akarudi kwenye gari anachechemea, anasukuma kabichi. Kabla ya kurudi tulikula soseji, na walipotuletea kabichi yao ile ya kuchachusha, Gitonga aliifunika kwa kitambaa, akasema Baba asije akasikia.

6. Hili ndilo zito. Mke wako ana mume mwingine.

Tulirudi saa kumi na mbili jioni. Hakuna aliyekimbilia mlangoni. Watoto wameoga, mukimo wa zile njegere na viazi vya kuponda uko mezani. Mama aliipokea kabichi kabla ya kutupokea sisi, akaigonga kwa kidole, akasikiliza. "Si mbaya," akasema, "lakini haijazifikia za Kangethe."

Kangethe gani? Hapo ndipo ninapotaka usome kwa makini. Kwa desturi yenu tulimpa mtoto wetu wa kwanza jina lako, na Mama amelichukua jambo hili kwa uzito usio wa kawaida. Anamwita mzee wangu. Sahani ya kwanza ni yake. Chai inapoiva anamuuliza kama sukari imetosha. Jioni hiyo alimpakulia, akamwambia, "Mzee wangu, zile za upande wa mto umezimwagilia?" Mtoto akamjibu bibi yake, "No, Cucu." Mama akacheka, sote tukacheka, akaingia jikoni kuleta chumvi.

Chumvi ilikuwa mezani. Nilimfuata baada ya muda. Alikuwa amenipa mgongo, anakatakata kabichi iliyokwisha kukatwa. Nikamuuliza kama ni vitunguu. Akasema ndiyo, ni vitunguu. Hapakuwa na kitunguu, Baba. Akasema, "Nikienda, hawa nani atawashika? Na nikikaa, yule nani atamwambia avae sweta?" Nikamwambia alale mapema, kesho ni kanisa.

Kwa hiyo unaona hali ilivyo. Mwanamke huyu amewafanya watoto wangu wasinililie, amenifanya nicheke hadharani, amenirudishia mume niliyekuwa nimemzoea kama kabati, na sasa analia juu ya kabichi jikoni kwangu. Nyumba hii itaharibika. Naomba kwa heshima zote umrudishe kwenu wiki hii, kabla sijazoea.

Wasalimie wote wa hapo: mama mdogo Wangeci, majirani wa ng'ambo ya mto, ng'ombe yule mwenye pembe moja, na Shaun, shemeji yangu, mwambie simu yake tuliipokea. Barua hii anakuletea Anastasia wa kanisani kwetu, mpe chai kabla hujaifungua.

Wako kwa utiifu na uchovu,
Lynette Cherotich,
Mama Kangethe.

N.B. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Hiyo ni barua ya kukualika Kanada, utaiambatisha kwenye maombi ya viza. Ina jina lako na sahihi zetu wawili. Mama tumeshamwombea muda wa kukaa huku uongezwe, yeye bado hajui, na tiketi ya tarehe 28 tumeisogeza hadi Aprili. Shaun amekubali kukaa na kabichi zako, hata zile za upande wa mto. Siku tuliyompa mtoto jina ulisema kwenye simu, watu wote wakisikia, kwamba kuanzia sasa mimi, niliyemzaa Kangethe, ni mama yako. Sikuwahi kuutumia ukubwa huo mpaka leo. Kama mke wa mwanao, hayo ya juu niliyaomba kwa adabu, yafute. Kama mama yako siombi: vaa sweta, uje. Kangethe mdogo amekubali kukuachia kiti chako mezani. Sahani ya kwanza, anasema, mtaipigania.