Tuzo ya Watafiti Wachanga na Karanga Zangu

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo limebandikwa ubaoni. Tuzo ya kubadilishana watafiti wachanga: miezi sita kwenye maabara ya ng'ambo, tiketi juu yao. Chuo chetu nafasi moja tu. Sharti: shahada ya udaktari isizidi miaka mitano. Yangu haijafikisha hata siku moja! Nani mchanga kunishinda? Nina miaka sitini na saba, natunza panya weupe wa maabara tangu karani wa idara hajaota jino. Naomba.

Jumanne, 4 Machi
Kumbe mpwa wangu naye anaomba. Damu ya dada yangu kabisa! Yeye ni mtaalamu wa kumbukumbu za panya; anawatia kwenye kasha la vichochoro wakiwa na njaa, wautafute mkate. Nimemwambia vijana wana muda, awapishe wazee. Akasema, Mjomba, hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho, mwakani miaka mitano itakuwa imepita. Nikasikitika. Kidogo. Kisha nikaenda kununua kalamu.

Alhamisi, 6 Machi
Mpwa hana raha. Hesabu zake zimegoma. Jumanne na Alhamisi panya wanakimbia kama wamefumaniwa; siku nyingine wanakaa tu, wanajilamba masharubu. Mwaka mzima! Asipojua sababu, hana cha kuwapelekea wenye tuzo. Nikampa pole nzito. Moyoni nikamfuta kwenye orodha.

Jumatatu, 10 Machi
Andiko langu limekamilika! Kurasa mbili, wino wa bluu. "Tabia za Panya Wanaopewa Karanga Kabla ya Kazi." Mambo niliyoyaona kwa macho yangu, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku za zamu yangu. Wakishiba hawatumwi. Karani amekataa kunipigia chapa. Eti nikapumzike, babu. Babu ni baba yake! Sasa inatakiwa saini ya mtaalamu. Mpango: kulichomeka katikati ya makaratasi ya mpwa. Siku hizi anasaini huku anatazama dirishani.

Jumanne, 11 Machi
Leo hakutazama dirishani. Alisoma yote. Akauliza taratibu, Mjomba, karanga tangu lini? Nikasema tangu nilipowaonea huruma. Akapiga kelele mpaka panya wakasimama kwa miguu miwili. Akanipa maneno ambayo dada yangu hakumfundisha. Halafu akakaa, akazifuta siku zangu zote daftarini, akajumlisha upya. Hesabu zikanyooka kama rula! Akacheka, akalia, akaninyang'anya ufunguo wa chumba cha panya. Maombi yake ameyatuma saa kumi. Yangu nimeyatuma saa kumi na dakika tano, bila saini. Sirudi nyuma.

Ijumaa, 23 Mei
Majibu. Mpwa ameshinda, anaondoka Septemba. Amenikumbatia mbele ya karani, akasema bila mimi asingepata, na bila mimi angepata mwaka jana. Mimi nimejibiwa mistari miwili: sina shahada. Kana kwamba wananipa habari mpya!

Jumamosi, 24 Mei
Nimepita chuoni kuchungulia ubao. Tuzo nyingine! Watafiti wanawake walio mwanzo wa kazi, na mume analipiwa tiketi. Ukurasa wa pili, wa masharti, sikuusoma. Muda wenyewe uko wapi? Mama watoto anaanza utafiti keshokutwa. Bado sijamwambia.