Mdudu wa Droo ya Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi
Makumbusho yana nafasi moja ya kudumu na vibarua wawili: mimi na Miwani. Jina litabandikwa Ijumaa. Miwani ana shahada kama yangu na mwandiko mzuri kuliko wangu. Nahitaji muujiza.

Saa nne, muujiza! Droo ya kumi na saba, chini ya kasuku aliyekaushwa: mdudu mviringo, mdogo kama punje, madoadoa mgongoni. Hana kibandiko. Tena yu hai. Nimepekua vitabu vyote vya chumba chetu cha ndege. Hayumo. Spishi mpya! Nimemrudisha alikokuwa, ashibe.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Kumbe kwa wanasayansi ni aibu mgunduzi kukipa kiumbe jina lake mwenyewe. Nimewaza hadi chai ikapoa. Dawa: mgunduzi awe mtu mwingine, naye ampe mdudu jina langu. Mtu mwepesi kidogo kudanganywa, mwenye mwandiko mzuri.

Wadudu sasa ni watatu. Kasuku amepungua.

Jumatano, 6 Machi
Nimempa Miwani kichupa chenye mdudu mmoja. Nikamwambia: ugunduzi wako, jina langu. Alikitazama sana, akauliza droo ipi, tangu lini, nimemwambia nani. Nikajibu sijamwambia mtu, mimi si mropokaji. Akaapa kumpa mdudu jina langu, bila kucheka. Maskini, hajui anatumiwa.

Ijumaa, 8 Machi
Mdudu mla manyoya! Makumbusho yote duniani yanamjua, ila vitabu vya ndege. Droo sitini zimeingia kwenye friza, wadudu wafe. Miwani amesifiwa kwa jicho kali, ameajiriwa.

Mtunzaji mkuu, mama asiyepandisha sauti, aliniuliza kasuku yuko wapi. Nikamwonyesha mguu uliobaki.

“Mwanangu,” akasema, “ulikuwa unamfuga huyu mdudu?”

Nikasema nilikuwa namhifadhi. Nimeongezewa wiki mbili za kibarua, kuandika nyuzijoto za friza. Hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo.

Miwani ametimiza kiapo. Mlangoni, kwa ule mwandiko: picha ya mdudu, chini yake jina langu, kisha, “Ukimwona, toa taarifa.” Idara nzima inamwita mdudu hivyo.

Jumatatu, 11 Machi
Ukitazama vizuri, nimeshinda. Jina langu liko mlangoni. Miwani hana hata nzi mwenye jina lake.

Na leo, kwenye sweta la sufu nililoazimwa la kuvaa kwenye friza: kiwavi mdogo, mwenye nywele, asiye na kibandiko. Hayumo vitabuni. Nimemwachia mkono mzima wa sweta. Safari hii mgunduzi atakuwa mtunzaji mkuu mwenyewe. Kesho namkabidhi kiwavi, na sweta lake aliloniazima.