Kufunguliwa kwa Reli ya Kichangani

Mheshimiwa Bwana DC, ambaye kiti chake kipo. Mheshimiwa Liwali, ambaye salamu zake ziko njiani. Waheshimiwa maakida na majumbe. Mashehe wetu na mapadri wetu. Mabwana wakubwa wa mashamba ya mkonge. Wazee wangu wa Kichangani, shikamooni. Na nyinyi ndugu mliokuja kwa miguu kutoka Ngamiani, Makorora na Nguvumali: mimi, Idarusi bin Hatibu, Katibu Mkuu, Mweka Plani na Supavaiza wa Skimu ya Reli ya Tawi la Kichangani, nasimama mbele yenu mwaka huu wa 1956 nikiwa na furaha isiyo na kipimo, ingawa vipimo vyote ninavyo. (Makofi. Viti sita vya mbele ni vitupu.)

Kabla sijafungua, inanilazimu kutoa historia, kwa sababu reli isiyo na historia ni vyuma tu. Kampuni ya Mdachi, yaani Mjerumani, ilianza kulaza reli hapa hapa Tanga. Ilipofika Muheza ikaishiwa, serikali yake ikainunua, ikapanda nayo Korogwe, Mombo, hata Moshi. Vita vikaja, Mwingereza akaichukua, ikawa ya serikali yake. Na mwaka wa arubaini na nane ikaunganishwa na za Kenya na Uganda chini ya shirika moja la serikali. Kwa hiyo, kitaalamu, reli hii imekuwa ya umma mara tatu, lakini umma wa Kichangani bado unatembea. (Kicheko. Sauti: “Hapo umesema.”)

Ndipo mimi, kwa akili zangu na bila kusukumwa na mtu, miaka miwili iliyopita nikafanya sevei kwa kamba na vigingi, mkaniona. Na leo ripoti yangu inaonyesha kuwa njia imefyekwa kwa asilimia mia, minazi iliyozuia maendeleo imekatwa kwa asilimia mia, na jina la stesheni limeandikwa kwa asilimia mia, hivyo kilichosalia ni vifaa vidogo vidogo kama vile reli yenyewe.

(Mzee Tadeo, mnyapara mstaafu wa genge la reli la Korogwe, anasimama: “Bwana Katibu, mataruma ya kulalia vyuma yako wapi? Reli hailazwi juu ya mchanga mtupu.”)

Mzee Tadeo, swali lako ni la kiufundi na linastahili jibu la kiutawala. Mataruma yamo katika programu. (Mzee Tadeo: “Programu hiyo iko stoo gani?” Kicheko kirefu.)

Tuendelee. Naona mkono wa mama yetu Bi Mwanamkasi. Shikamoo, mama.

(Bi Mwanamkasi: “Marahaba, mwanangu. Mimi nilikata minazi kumi na mmoja kwa ajili ya reli yako. Marehemu mume wangu ndiye aliyeipanda. Ulinambia binti yangu Asmahani akishikwa na uchungu atapanda behewa, afike hospitali amekaa kwenye kiti. Tulimbeba kitandani, akajifungua njiani, tumefika Nguvumali. Sikutukani. Nataka unambie mbele ya watu hawa, garimoshi linakuja au haliji?”)

Mama, swali hilo nalipokea, nalipeleka kwenye komiti, na komiti, ambayo ni mimi… Mtoto hajambo?

(“Hajambo. Tumemwita Msafiri.” Watu wanacheka, na Bi Mwanamkasi naye anacheka, lakini hakai.)

Basi tuchangamke kidogo. Nikisema Reli, semeni Yetu. Reli. (“Yetu.”) Maendeleo. (“Yetu.”) Injini. (“Iko wapi?”) Hatukukubaliana hivyo.

Nafika kwenye shukrani. Nawashukuru nyote mliofyeka kwa mikono yenu. Namshukuru fundi Rafaeli aliyepaka rangi kibao cha stesheni, ambacho ndicho stesheni. Nawashukuru wakubwa wa shirika kwa kuzijibu barua zangu thelathini na nne kwa barua moja, ambayo naisoma kama ilivyo: kwamba Reli ya Kichangani hawaijui, hawajapata kuipanga, hawana Katibu mwenye jina langu, ila wanamkumbuka karani wa tiketi aliyeachishwa kazi, na wanaomba arudishe kofia. (Anaivua kofia.)

Nilidhani wakiiona njia iko tayari wataona haya kutoleta vyuma. Hawakuja kuiona. Mama, garimoshi halikuwa linakuja. Nilijua tangu mwaka jana, nikashindwa kuwaambia, maana kila nikipita hapa mlikuwa mnaniita Bwana Stesheni, na mimi hakuna mtu aliyewahi kuniita bwana wa kitu chochote.

(Bi Mwanamkasi anapanda jukwaani. Anamkabidhi jembe, kisha anamwonyesha ukingo wa njia, ambako wajukuu wake wameshapanga miche ya minazi.)

Ahsante, mama. Mashimo kumi na moja, nimeelewa, na maji ya kumwagilia ni juu yangu mpaka itakaposhika. Nawashukuruni kwa kunisikiliza. Mnaorudi mjini, piteni hii hii njia yetu. Imenyooka, na Mzee Tadeo ataniambia kama nimekosea hata futi moja.

(Mzee Tadeo, akiangalia kwa jicho moja: “Hujakosea.”)